Habari Ziwafikie wa Kisesa

Mama mdogo alifika kwangu Nyakato Jumamosi asubuhi, na mzigo kichwani. Ulikuwa umefungwa kwa kanga mbili na kamba ya katani, na kwa jinsi alivyoutua polepole barazani nilidhani ni vyungu. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda changu, miwani puani, nasugua kutu kwenye kinanda cha santuri ambacho kabla ya kuletwa kwangu kuku alikuwa anaatamia ndani yake. Nikaacha kazi nikainuka kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi unafufua maledio ya zamani. Haya, nimekuletea ya mama mkubwa. Ikisema, naichukua naenda nayo. Isiposema, basi, nitajua imekwisha."

Alikuwa anahama. Mwanawe wa kwanza anamchukua akaishi naye Dodoma, nyumba ya Magu inafungwa, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinapimwa kama kinafaa kusafiri. Huyu ni binti wa mdogo wake bibi yangu mzaa mama, ndiyo maana namwita mama mdogo, ingawa ameshapita miaka sabini na mimi mwenyewe ni mstaafu. "Mama mkubwa" anayemtaja yeye ndiye bibi yangu aliyenilea Kisesa.

Nikafungua kamba, nikafungua kanga ya kwanza, na ya pili. Ilikuwa redio ya mbao, ya betri nne kubwa, kitambaa cha spika kimebadilika rangi, pembe moja imeliwa na mchwa. Niliitambua. Nikwambie wazi tangu mwanzo, rafiki yangu, tusije tukazungushana: redio hiyo niliinyamazisha mimi nikiwa na miaka kumi, na kwa sababu hiyo bibi yangu hakumzika mdogo wake. Sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Na sasa binti wa huyo aliyezikwa alikuwa ameketi barazani kwangu, anapuliza chai.

"Itasema?" akaniuliza.

"Tutaona," nikamjibu. Nilimwambia arudi Jumamosi inayofuata.

Kazi hii niliiangukia tu. Maisha yangu yote ya ajira nilikuwa fundi umeme kiwanda cha nguo, mwanamke peke yangu katika karakana ya wanaume, na nilipostaafu kila mtu alikuwa na ushauri. Wa kwanza alisema nifuge kuku. Wa pili alisema nifungue duka la vocha. Mimi na kuku hatujawahi kuelewana, na kukaa dirishani kusubiri mtu anunue vocha ni adhabu. Siku moja nikakuta kanisani wametupa kikuza sauti cha zamani, kizito kuliko gunia la mkaa, eti kinanguruma. Nikakibeba kwa toroli. Kilichokuwa kinanguruma ni kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme, zilizovimba. Nilizibadilisha, na kile kitu kikatoa sauti nene, ya kifua, ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wangu. Nilikaa nacho sebuleni jioni nzima nikisahau chakula jikoni.

Tangu hapo chumba walicholala wanangu kimejaa. Kuna redio kaseti zenye milango iliyong'oka, spika zilizotobolewa na panya, vinanda vya santuri, redio za mbao na za plastiki, na makopo ya blubendi yaliyojaa skrubu. Harufu yake ni ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vumbi la moto. Jirani zangu wananiita Mama Maspika. Wanakuja kunitazama, wanatingisha vichwa, halafu wanasema neno ambalo huwa linanipandisha hasira: "Mama, si ununue tu kile kidogo cha memori kadi?" Sibishani nao tena. Kile kidogo kikifa hakifunguki, kimegandishwa kwa gundi pande zote kama kwamba aliyekitengeneza alikuwa anaficha aibu. Redio ya zamani ina skrubu nne nyuma. Unafungua, unaona kila kitu, unauliza, inakujibu.

Lakini hii ya bibi niliiweka mezani, nikaizunguka siku mbili bila kugusa skrubu hata moja. Siku hizo mbili akili yangu ilikuwa Kisesa.

Nyumba ya bibi ilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu, nyuma yake mwamba mpana wa kijivu uliokuwa jiko, uwanja na kabati letu. Juu ya mwamba huo tulianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyokauka mpaka vinalia ukivitikisa kwenye ungo. Tulianika mtama, tulianika nguo, na watoto tulijianika wenyewe baada ya kuoga. Asubuhi nilifagia, nikateka maji, nikapika uji. Mchana ni ugali wa muhogo na mtama, na mboga mara nyingi ni furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao wanawake waliwaleta kutoka pwani ya ziwa wakiwa wameunganishwa kwenye vijiti, wamekaushwa kwa moshi. Bibi aliwachemsha kwa nyanya na karanga. Nimewatafuta furu soko hadi soko, na vijana wanaouza samaki wananiangalia kana kwamba nimetaja samaki wa hadithini. Sangara aliwamaliza kabla wengi wao hawajazaliwa.

Redio ilikaa chumba cha mbele juu ya meza ya peke yake. Ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye ua la rangi ya waridi katikati, na kitambaa kile kilifuliwa mara nyingi kuliko gauni langu la shule. Mjomba aliyefanya kazi melini ndiye aliyeileta. Katika kitongoji chetu redio zilikuwa mbili tu, hii na ya mwalimu, na ya mwalimu ilikuwa ya mwalimu, huwezi kumbishia hodi kila siku.

Bibi hakuifungulia kwa ajili ya kuburudika. Aliifungulia mara moja tu kwa siku, jioni, kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha akaizima. Wewe uliyekulia miaka ile unakumbuka matangazo yale. Msomaji alisoma kwa sauti moja, bila haraka na bila huzuni: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani, mazishi yatafanyika siku fulani, habari ziwafikie fulani wa Geita, fulani wa Ukerewe, fulani wa Shinyanga, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Bibi aliketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho amefumba. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini majina yakishaingia hayakutoka. Tangazo likitaja mtu wa upande wetu, aliinuka, akajifunga kanga ya pili, akaenda mwenyewe kumwambia mhusika kabla hajaota moto wa jioni. Hakutuma mtoto. Alisema habari ya kifo haibebwi na miguu inayoruka kamba.

Watu nao walimzoea. Kila jioni wapita njia walisimama kwenye ua wa minyaa na kuuliza, "Mama, leo kuna nani?" Akijibu, "Leo hakuna wetu," walisema asante, wakaenda zao na hatua nyepesi. Mimi niliona ni jambo la kawaida tu, kila mtu ana bibi anayeulizwa nani amekufa. Ni sasa naona ilikuwa heshima kubwa kiasi gani.

Betri zilikuwa shida. Kuna miezi duka la ushirika lilikuwa halina hata moja, na zikifika watu walipanga foleni tangu alfajiri. Kwa hiyo bibi alizitunza kuliko alivyotunza sukari. Redio ilikuwa na kitaa kidogo mbele, cha kuangazia namba, chenye swichi yake ya pembeni, na tangu nimefika pale sikuwahi kumwona akikiwasha. "Hizi betri ni za msiba," aliniambia, "si za ngoma na si za kumulikia." Kila jioni akimaliza kusikiliza aliigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, na kwa muda kidogo alikuwa akikwaruza kitu humo ndani kwa msumari. Nilijua anafuta kutu. Msumari wenyewe ulichomekwa ukutani, na ulikuwa mwiko kama vitu vyake vingine.

Basi, ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Tulikuwa tumeichambua wiki nzima, safi huku na fifi, ile chafu, huku, vidole vimechanika, na Alhamisi asubuhi bibi akaondoka na marobota yake kwenda kituo cha kununulia. Foleni ya mizani ilikuwa ndefu, wenye pamba walilala hapohapo juu ya mizigo yao. Alisema atarudi Jumamosi. Mama wa nyumba ya jirani alipewa jukumu la kunichungulia, mimi nikapewa jukumu la nyumba. Wasichana wawili wa jirani huyo walikuwa rika langu, na saa nane mchana walikuwa tayari wako chumba cha mbele wanakitazama kitambaa cha kufuma.

Siwezi kuwasingizia. Wazo lilikuwa langu. Nilisema ni dakika moja tu, tusikie kama inasema mchana. Ilikuwa inasema. Ilikuwa inapiga dansi, magitaa matatu yanajibizana na tarumbeta juu yake, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia redio ya nyumbani kwetu ikifanya jambo kama lile. Niliona ni redio nyingine. Nikawasha na kitaa ili ipendeze, kikang'aa rangi ya asali nyuma ya zile namba. Tulicheza hadi vumbi la sakafu likatufika magotini. Nilicheza vizuri, niseme ukweli, na sijawahi tena kucheza kwa raha ile.

Ghafla tukasikia mtu anakohoa njiani, mama yao anakuja kunichungulia. Nikashusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, nikatupa kitambaa juu, tukatoka nje na nyuso za watu wanaochambua mchele. Mama yule alikaa mpaka jioni. Baada ya hapo nilishikwa na hofu, nikaapa siigusi tena redio ile, na kweli sikuigusa. Kwa akili ya miaka kumi, redio iliyonyamaza ni redio iliyozimwa. Fundi yeyote angeniambia vingine: kushusha sauti si kuzima. Na kile kitaa kinakula betri kuliko muziki wenyewe. Iliwaka chini ya kitambaa Alhamisi, Ijumaa yote, hadi Jumamosi mchana nilipoinua kitambaa ili kukinyoosha kabla bibi hajarudi, nikaona swichi zote mbili, ya redio na ya kitaa, bado zimewashwa na kitaa hakina uhai.

Nilifanya yote ambayo mtoto wa wakati ule alijua. Nilizitoa betri, nikaziuma kwa meno moja moja, nikazianika kwenye mwamba pamoja na michembe, nikazigeuza zipate jua pande zote. Kisha nikazirudisha, nikazima swichi, nikanyoosha ua la waridi likae katikati. Bibi akarudi amechoka, vumbi la pamba kwenye nyusi, akanawa, akala, akaketi mkekani, akafungua. Redio ikasema maneno mawili kwa sauti ya mlevi, ikanyamaza.

"Zimechoka," alisema. Akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma, akakaa akiangalia humo ndani kwa muda. Akafunga. Mimi nilikuwa nafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Jumapili alizianika tena yeye mwenyewe, hazikufua dafu. Duka halikuwa nazo. Mwalimu alikuwa likizo, kafunga nyumba, kasafiri na redio yake. Wapita njia waliuliza, "Mama, leo kuna nani?" akawajibu kwamba betri zimekwisha, nao wakasema si neno. Hakuna aliyeona ni jambo kubwa, siku mbili tatu bila redio.

Jumanne asubuhi alipita muuza dagaa kwa baiskeli, akitokea upande wa Magu. Alimwona bibi anafagia ua, akashuka, akavua kofia. Akasema, "Pole sana mama. Mmeshazika salama?"

Bibi akasimama na ufagio mkononi. "Tumezika nani?" akauliza.

Mdogo wake alikuwa amefariki Jumamosi alfajiri. Tangazo lilitoka jioni ileile, likatoka tena Jumapili mchana na jioni, habari zimfikie dada yake wa Kisesa. Na kwa kuwa kila mtu kule Magu alijua dada wa Kisesa ana redio, hakuna aliyetumwa. Mtu mwingine yeyote angetumiwa kijana wa baiskeli. Kwa desturi ya ukoo wetu, mkubwa wa tumbo moja ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na wasipompata wanasubiri. Walimsubiri Jumapili nzima. Walimsubiri Jumatatu mpaka jua likainama, wakiangalia barabara, kisha wakazika kwa sababu mwili ulikuwa hausubiri tena.

Sikumbuki bibi akilia. Nakumbuka aliweka ufagio chini, akaingia ndani, akaoga, akavaa. Halafu akaifunga redio kwenye kanga, pamoja na kitambaa chake cha kufuma, akaipakata, akaenda kusimama barabarani kusubiri gari. Alikaa Magu siku saba. Aliporudi hakuwa nayo.

"Redio imepata mahali pake," alisema tu. Nami nikaelewa hivi: wamemnyang'anya, ni adhabu, na adhabu hiyo ni yangu. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimejiandaa, nina uongo mmoja na ukweli mmoja, na sijui ningetoa upi. Hakuuliza siku hiyo, wala mwaka huo, wala hakuniuliza kabisa.

Lililofuata ndilo lililonichoma zaidi kuliko kiboko chochote. Mwalimu aliporudi kutoka likizo, bibi alianza kwenda kwake kila jioni. Alitembea mpaka kwenye ua wa mwalimu, akasimama nje, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo kuna nani?" Yule aliyeulizwa na kitongoji kizima sasa alikuwa anauliza. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba kigoda chake, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na mwalimu wakati mwingine alichelewa kutoka. Alifanya hivyo jioni baada ya jioni mpaka nilipoondoka kwenda shule ya bweni, na nasikia aliendelea mpaka mwili wake ulipokataa kutembea.

Sasa unajua kwa nini niliizunguka meza siku mbili.

Siku ya tatu nikashika bisibisi. Nilifungua kifuniko cha nyuma, kile cha mbao laini, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirishani kutafuta kutu. Hakikuwa na kutu. Kilikuwa na mistari. Mistari midogo iliyokwaruzwa kwa msumari, imesimama sambamba safu chini ya safu, na mwisho wa kila safu umekatwa kwa mkwaruzo mmoja wa kulala. Nilivua miwani nikaifuta nikaivaa tena. Bibi yangu huyu asiyejua kusoma alikuwa anaandika: jioni moja, mstari mmoja. Betri zikifa, anakata, anaanza safu mpya.

Nilihesabu, maana mimi ni fundi na fundi hupima. Safu ya kwanza mistari sitini na mbili. Ya pili hamsini na tisa. Ya tatu sitini na nne. Zote zilikuwa hivyo, zinapishana kidogo tu. Safu ya mwisho ilikuwa na mistari kumi na tisa, na mkwaruzo wa kulala.

Kwa hiyo alijua. Alijua Jumamosi ileile, alipokaa akiangalia ndani ya kifuniko nami nafagia sakafu safi. Nyumbani tulikuwa wawili tu, yeye alikuwa kwenye foleni ya pamba, na betri za siku sitini zilikuwa zimekufa siku ya kumi na tisa. Nililia pale mezani, nikiwa na umri huu, kifuniko mikononi. Nililia kwa ajili ya jioni zile zote nilizobeba kigoda nikidhani nina siri.

Nilipomaliza nikafanya kazi. Springi za betri zilikuwa zimeliwa na uchachu, nikazisugua kwa ndimu na msasa. Kapasita tatu zilikuwa zimekauka, nikaweka mpya ndani ya maganda ya zile za zamani ili zisionekane. Uzi wa kuvuta mshale wa vituo ulikuwa umekatika, nikatumia uzi wa kushonea viatu. Karatasi ya spika ilichanika mahali pawili, nikaiziba kwa karatasi ya kifuko cha chai na gundi nyembamba. Kitaa kilikuwa kimeungua. Nilikuwa nacho kingine kinachofaa, nikakishika muda mrefu, kisha nikakiweka. Pembe iliyoliwa na mchwa nikaiacha. Mistari sikuigusa.

Mama mdogo alirudi Jumamosi kama tulivyopatana, na kitambaa cha kufuma mkobani. Ua la waridi lilikuwa limepauka mpaka likawa kama doa la chai. Nikamkalisha, nikaweka betri nne, nikafungua. Ikavuma vizuri, mvumo mnene wa mbao, na hakukuwa na mtu. Nilizungusha mshale taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Mahali pale aliposoma msomaji wa matangazo palikuwa na mvumo tu. Vituo vimehamia kwingine, kwenye masafa ambayo redio hii haikutengenezewa. Karibu na mwisho kabisa tulipata mtu mmoja mbali, anazungumza lugha ambayo hatukuijua, anakuja na kuondoka.

"Inasema," mama mdogo akasema, ameridhika kabisa.

Tukakaa tukiisikiliza ikivuma. Simu yake ikalia mkobani, ikalia tena. Ni kundi la ukoo, akaniambia, kuna msiba wa mtu wa Misungwi, hata hamfahamu vizuri. Siku hizi habari inatufikia sote kabla maiti haijatoka wodini, na picha juu, na tunaandika pole kwa kidole kimoja huku tunakoroga uji. Sisemi ni vibaya. Simu ingekuwepo wakati ule bibi angemzika mdogo wake. Lakini hakuna tena anayejifunga kanga ya pili na kutembea hadi mlangoni kwa mtu, na mwanamke wa kuulizwa leo kuna nani sijui kama yuko popote.

Mama mdogo akaanza kucheka peke yake. "Unajua tulimwitaje mama mkubwa kule kwetu? Bibi Dansi."

"Kwa nini?"

"Si yeye mwenyewe alisema! Alipofika msibani wazee walimweka katikati, wakamuuliza, dada mkubwa, una ledio, imekuwaje? Akasema, betri nilizimaliza mimi. Nilisikia muziki mzuri, nikacheza, nikasahau kuzima. Mbele ya watu wote, mwanangu. Mtu mzima vile. Kisha akaiweka ledio juu ya kaburi la mama, akasema, hii ikae hapa kwenu, mimi sistahili kuwa nayo. Hakuna aliyeitaka kwake. Mimi nilikuwa na hasira naye miaka mingi. Baadaye hasira ikaisha, likabaki jina. Hata wanangu walimjua kwa hilo, Bibi Dansi."

Redio ilikuwa inavuma. Bibi yangu hakuwahi kucheza muziki wa redio maisha yake yote.

"Mama," nikasema. "Hakucheza yeye. Alikuwa kwenye pamba. Betri nilizimaliza mimi."

Nikampa kifuniko. Nikamwonyesha safu za mistari, nikamweleza Alhamisi ile yote, kitaa, kitambaa, mwamba, meno. Alisikiliza macho ameyafumba, miguu ameinyoosha, kama bibi alivyokuwa akisikiliza matangazo. Nilipomaliza alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho, akairudia tena. Redioni yule mtu wa lugha ya mbali akaja na kuondoka mara mbili.

"Na wewe ulicheza?" akaniuliza.

"Nilicheza."

"Ulicheza vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akakichukua kile kitambaa, akakikunjua, akakitandaza juu ya redio na kulisogeza ua mpaka likakaa katikati.

"Basi afadhali," akasema. "Afadhali kuna aliyecheza."

Redio hakwenda nayo Dodoma. Alisema imepata mahali pake. Iko chumba cha mbele, juu ya meza ya peke yake, na jioni ile alipoondoka niliigeuza, nikafungua kifuniko, na chini ya ile mistari kumi na tisa nikakwaruza mmoja kwa msumari.